Lango Tupu

Mkuu wa mkoa aliamuru fainali ya wasichana wa vyuo ichezwe na uwanja ujae, ili watu waamini kwamba ugonjwa umekwisha. Kipa wa akina Tunu, aliyeuawa na ugonjwa huohuo, alikuwa amezikwa juzi.

"Ingiza kipa wa akiba," refa alimwambia Tunu, nahodha.

"Hatuingizi mtu, refa. Waache walione pengo lake."

Sheria haikuruhusu lango lisilo na kipa, lakini refa alimtazama, akapuliza filimbi.

Punde mshambuliaji wa wapinzani akachomoka peke yake, lango wazi mbele yake. Mkuu wa mkoa akainuka kushangilia, mikono juu. Msichana yule akausimamisha mpira kwenye mstari, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

Kisha, jukwaa baada ya jukwaa, watu wakasimama bila neno, na katikati yao mkuu wa mkoa, mikono yake ingali hewani.