Tangi Lililolia Kama Ngoma

Tegua, mwanangu: ananguruma kutwa, lakini mate hatemi. Ni pampu ya maji ya kunywa kwenye boti ya Shaibu. Alisafisha chujio, akakaza mipira, bomba likabaki kavu. Mji ulikuwa mwendo wa siku nzima, na mjukuu wake alikuwa akiharisha tangu alfajiri.

“Mama Zuhura, nani alijaza tangi bandarini?” aliuliza mara ya tatu.

Mkewe alikuwa akimnywesha mtoto maji ya mwisho ya birika, kijiko kwa kijiko.

Shaibu akaligonga tangi. Likalia kama ngoma. Akazima pampu.

“Hakuna aliyejaza, Baba Zuhura,” mkewe akasema katika kimya kile. “Siku ile tulikuwa tumenuniana. Nikasema moyoni, atajaza yeye.”