Jina la Marehemu

"Faili lako halina nishani ya Burma, mzee. Mtaje mmoja aliyekuwa nawe huko, nilirekebishe," karani wa boma alisema. "Au ulikuwa unawapikia Wazungu Nairobi?"

 Kovu la risasi shingoni pa Baba likawa linacheza. Aliyekuwa naye ni mdogo wake, aliyefia vitani ubavuni pake, na kwetu Oldonyo Sambu ndugu hawalitamki jina la marehemu.

"Basi, vita hukupigana. Nenda nyumbani."

Mimi huwa siongei mbele ya watu. Lakini nilisogea mpaka mezani.

"Parsimei," nilisema. "Baba yangu mdogo. Andika."

Karani akachovya kalamu. Baba alichukua fimbo yake, akatoka bila kunitazama.