Chura wa Jadida

Diwani Ahmada alizama kwenye matope hadi magotini, na alipojinasua, viatu vya mpira vilibaki chini. Alipanda ukingo wa mtaro na soksi tu. Hakukuwa na mtu wa kumcheka ila mkewe, Mwanamize, naye alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Baba Asma," akauliza, "watu uliowaalika wako wapi?"

Walikuwa majumbani mwao. Ahmada alikuwa amepita mtaa mzima wa Jadida na kipaza sauti, akitangaza siku ya kusafisha mtaro. Alinunua mabeleshi, akaomba sufuria kubwa ya uji kwa jirani, akaandika hotuba. Hakuja hata mmoja. Hotuba aliwasomea mbu.

Hakuwa diwani mbaya. Alikuwa diwani asiyesikilizwa. Alipoweka mapipa ya taka, watu waliyaosha wakahifadhia maji. Alipopanda miti kando ya barabara, waliofaidika ni mbuzi. Hata salamu yake ilikuwa na sauti ya mtu anayeomba radhi.

Lakini mtaro ule hakuweza kuuacha. Makumbi ya nazi, chupa na nguo kuukuu vilikuwa vimeuziba, na kila masika maji yaliacha njia yake yakaingia kwa Bi Kijakazi, bibi aliyeishi peke yake mwisho wa mteremko. Masika yaliyopita walimkuta amekaa juu ya meza, miguu kaikunja, anavuta uradi kwa tasbihi, na godoro lake linaelea. Ahmada ndiye aliyembeba mgongoni kumtoa.

"Ahsante, mwanangu," Bi Kijakazi alimwambia sikioni. "Mwakani utanibeba tena, inshallah."

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililomuuma Ahmada.

Siku chache baada ya viatu kupotea, mtu asiyejulikana alijiunga na kundi la mtaa kwenye simu, akajiita Chura wa Jadida. Ujumbe wake wa kwanza ulisema: "Assalamu alaykum, jirani zangu. Namshukuru diwani wenu kwa kunitunzia bwawa. Juzi kaja mwenyewe kunitembelea, akaniachia na viatu."

Kufika alasiri, mtaa mzima ulikuwa ukicheka, hata wasio na simu.

Chura hakupumzika. Aliandika kwamba diwani akisema neno mkutanini, hata viti husinzia. Aliandika kwamba diwani hujifunza hotuba mbele ya kioo, na kioo kimeomba uhamisho.

Mwanamize aliposoma hiyo ya kioo, alifunga madirisha yote ya nyumba.

"Wallahi kuna mtu anatuchungulia! Nani kajua mambo ya kioo?"

"Watu wanabahatisha tu," Ahmada akasema.

"Ni Bakar huyo!" Bakar, fundi baiskeli wa jirani, ndiye aliyeshindwa na Ahmada kwenye uchaguzi. "Mjibu basi! Mtu anakuvua nguo mbele za watu, nawe umenyamaza?"

Ahmada aliuchukua mkono wa mkewe wenye simu, akausoma ule ujumbe mpaka mwisho.

"Maneno yake ya kweli, mke wangu. Nimjibu nini?"

Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, Chura akaandika tena: "Jumapili diwani wenu ataingia mtaroni peke yake. Njooni mtazame. Watu wa Jadida kwa kutazama hawajambo. Kazi waachieni watani wenu wa Chokocho."

Hapo pakachoma. Jumapili asubuhi watu walijaa ukingoni. Bakar alikuja na kigoda chake, akaketi kwa raha. Ahmada akashika beleshi, akachota, akatupa, na tope lote likamrudia usoni. Kicheko kilichopigwa siku ile kilisikika mpaka sokoni.

Mara ya pili likamwangukia Shamima, muuza mandazi. Shamima akakusanya pindo za nguo zake, akashuka.

"Lete hilo beleshi! Yule Chura atatucheka mpaka kiama!"

Bakar naye hakuweza kuvumilia kuona mwanamke kamtangulia. Akaacha kigoda. Baada yake wakashuka wengine, na wengine, wakimtukana Chura na diwani kwa zamu. Ahmada alionekana anazuia kazi, akaondolewa, akapewa birika amimine chai. Adhuhuri ilipoadhiniwa, maji meusi yalianza kujisogeza taratibu, kisha yakashika kasi, na watu wakapiga makofi kana kwamba wanapokea bwana harusi.

Masika yakaja na hasira zake zote. Ahmada alikimbia kwenye mvua kwa Bi Kijakazi, kainamisha mgongo tayari kwa mzigo. Alimkuta kalala kitandani, sakafu kavu, anakoroma.

Mvua zilipokatika, watu walikutana barazani kwa Bakar. Kila mtu alimsifu Chura.

"Bila yule tusingetoka ndani," Bakar akasema. "Mie nilimdhania nyang'au, kumbe ndiye mwenye uchungu na mtaa huu. Uchaguzi ujao agombee yeye, kura yangu anayo. Usikasirike, mheshimiwa."

"Na yangu," Shamima akadakia.

"Na yangu mie," akasema Bi Kijakazi, akimtazama Ahmada kwa huruma. "Utaniwia radhi, mwanangu. Wewe una moyo mzuri tu."

Ahmada akacheka pamoja nao, akaaga.

Nyumbani, Mwanamize alikuwa jikoni anakuna nazi. Ahmada akaingia chooni, akakomea mlango, akatoa mfukoni kisimu ambacho mkewe hajapata kukiona. Akaandika: "Njia ya madrasa haina taa, na diwani wenu mvivu kalala." Akausoma, akaona umepoa. Akafuta "mvivu", akaweka "bwege", akautuma.