Moshi wa Shangazi

Njiani kwenda duka la vifaa vya umeme, Mahfudhi alimwambia shangazi yake asihangaike na chetezo kesho. Ingekuwa mara yake ya kwanza kupiga muziki harusini, na moshi angenunua wa mashine. Shangazi Mwanakombo, ambaye ndiye aliyefukiza udi harusi zote za mtaani, alijibu tu, "Haya, baba."

Dukani, mwenye duka alizima taa zote akawasha ile ya disko. Madoa ya kijani yakazunguka ukutani, basi. Alipofungulia mashine ya moshi, miale ikajitokeza hewani, mirefu, mtu angedhani inashikika. Mahfudhi akaguna kwa raha. Lakini pesa alizokuwa nazo zilitosha kitu kimoja tu, taa au mashine. Moshi ukatawanyika, yakabaki madoa.

Shangazi akatoka nje. Aliporudi alikuwa na chetezo mkononi, na ndani yake kaa la moto aliloomba kwa mkaanga mihogo.

"Kumbe ulikuja nacho?" Mahfudhi aliuliza.

"Nimezoea kutembea nacho."

Akadondosha udi. Moshi ukapanda taratibu, na mwale wa kijani ukaonekana ndani yake, mzima.

"Mimi ukumbini huwa nazunguka," alisema shangazi. "Wewe nifuate na taa."

 Mahfudhi akaikumbatia taa, waya ukiburuzika kutoka ukutani, akamfuata shangazi katikati ya redio na feni, na kila walipopita palibaki njia ya kijani inayonukia.