Kipimo cha Maji

Alhamisi, 12 Juni 2025. Meru iliamka na manyunyu na ukungu mzito. Jioni, katika darasa la watu wazima, mwalimu alimpa Gatwiri macho mawili ya mbuzi kutoka buchari ya Majengo.

"Shosho, hiyo supu isipoe!" mwanafunzi mwenzake alimtania bibi huyo.

Gatwiri aligusa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Ya kwanza ilikuwa angavu na imara. Jicho la pili lilikuwa limelowekwa usiku kucha ndani ya maji matupu. Konea yake ilikuwa imevimba, ikawa nyeupe, na ikabonyea chini ya kidole kama ndizi iliyoiva.

"Maji yakizidi hulegea," mwalimu alisema. "Yakipungua hukakamaa."

Kumbe Mungu alipima hata haya! Gatwiri aliwaza.

Mpwa wake anaona kwa konea ya marehemu asiyemjua. Fomu ya Gatwiri ya kutoa konea zake akifa ilikaa ndani ya Biblia mwaka mzima bila sahihi, kwa hofu ya kufufuka kipofu siku ya mwisho.

Aliyepima hivi atashindwa kumuumbia macho mengine?

Akasimama. "Ndugu zangu, nyinyi ni mashahidi. Leo natia sahihi. Nikifa, macho yangu apewe anayeyahitaji."