Mtambo Uliokuja Kulala Nyumbani

Siku hizi mtambo wa kuongozea taa za jukwaani haununuliwi mpaka ulale kwanza nyumbani kwa fundi, umzoee. Riziki, fundi taa wa ukumbi wa michezo ya kuigiza, akaletewa miwili achague. Wa kwanza akauunganisha na taa za sebuleni. Muuzaji aliisifu yote miwili kwamba humjua mwigizaji anayekaribia kuondoka jukwaani, ikaanza kumpunguzia mwanga mapema.

Walipokaa kula, mwanga uliomwangazia mumewe, Shadhili, ukafifia.

"Baba Zamda, hebu tubadilishane viti."

Shadhili akacheka, akahama na sahani yake. Giza likamfuata.

Riziki akauchomoa mtambo haraka, akachomeka ule wa pili. Sebule nzima ikang'aa. Akashusha pumzi. Kisha, polepole, giza likamrudia Shadhili.

"Mama Zamda, mbona huli?"