Siku Saba za Jicho la Kushoto

Jicho la kushoto la Bi Mgeni lilizimika akimenya vitunguu, likarudi kabla hajamaliza cha tatu. Lakini ukuta wa nyumba, wenye mitambo ya kupima afya, ulishapeleka habari zahanati, na namba ya ugonjwa ikatoka: giza la muda, jicho moja. Kwa sheria, namba hiyo humfungia mgonjwa jiko na humpa mwanawe siku saba za kuja kumuuguza.

Bi Mgeni alimshukuru Mungu, akaishukuru na sheria. Mwatumu, mwanawe wa pekee, hakuwa amekanyaga nyumbani miaka minne. Sasa alikoroga mchuzi, mama akiamuru kutoka mkekani.

"Ongeza ukwaju, mwanangu."

"Nimetia, mama."

"Hata jicho langu bovu linaona haujakolea!"

Wakacheka mpaka mwiko ukaanguka.

Siku ya saba, Mwatumu ameshafunga begi, ukuta uliuliza: "Bi Mgeni, jicho limepona?"

Kwa jicho hilo Bi Mgeni aliliona hata tundu la sindano iliyochomekwa ukutani.

"Bado," akasema.

Namba ikabadilika palepale: giza la kudumu, muuguzi wa kudumu. Mwatumu akafungua begi, akatoa nguo moja moja. Alhamdulillahi, akanong'ona Bi Mgeni, na kwa macho yote mawili akamwona mwanawe akijifuta machozi.